Uingereza na watoto waliozaliwa wafu

Hadi miaka ya 1970, mwanamke aliyejifungua mtoto mfu katika hospitali za Uingereza mara nyingi hakuonyeshwa mwanawe. Mtoto alifunikwa nguo, akatolewa chumbani upesi. Mama alipewa dawa ya kumtuliza, akashauriwa arudi nyumbani na kutafuta mimba nyingine. Mazishi yalisimamiwa na hospitali, aghalabu katika kaburi la pamoja lisilo na alama, na wazazi wengi hawakujua liko wapi.

Msikilizaji, hayo hayakutendwa kwa ukatili. Iliaminika kwamba asichokiona mama hatakililia.

Mwaka 1968 Stanford Bourne, daktari wa maradhi ya akili katika kliniki ya Tavistock mjini London, aliwageukia madaktari wenyewe. Aliwauliza kuhusu wagonjwa wao waliozaa watoto wafu, akakuta wengi hawakumbuki, wala hawapendi kukumbuka. Kumbe kimya kile hakikuwakinga akina mama peke yao. Mwaka 1976 mwenzake, Emanuel Lewis, alitaka wazazi wasaidiwe kumwona mtoto, kumshika, kumpa jina na kumzika. Miaka miwili baadaye wazazi waliofiwa waliunda chama chao, ambacho leo kinaitwa Sands. Wauguzi wakaanza kupiga picha na kuhifadhi alama za nyayo ndogo.

Lakini hisani nayo iligeuka kuwa sharti. Baadhi ya akina mama walihisi wanasukumwa kumshika maiti. Mwaka 2002 utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet ulieleza kwamba waliowashika watoto wao walipata sonona zaidi katika mimba iliyofuata kuliko wasiowaona. Wazazi wengi waliukataa vikali, wakisema dakika zile ndizo pekee walizobaki nazo. Ushauri wa sasa ni kwamba mzazi aulizwe, apewe muda, achague mwenyewe.

Sheria ilikwenda polepole zaidi. Watoto wafu waliandikishwa England na Wales tangu mwaka 1927, lakini kwa mimba iliyozidi wiki 28. Kikomo kikashushwa hadi wiki 24 mwaka 1992. Mimba iliyotoka kabla ya hapo haikuwa na karatasi yoyote. Februari 2024 serikali ilianza kutoa cheti cha hiari huko England kwa waliozipoteza tangu Septemba 2018. Oktoba mwaka huo kikomo hicho cha tarehe kikaondolewa, na wanawake walioambiwa wasahau, ambao sasa ni mabibi, nao wakaruhusiwa kuomba.