Kinga ya Homa ya Ini B: Namna ya Kuelewa Majibu ya Vipimo vya Damu

Katika vipimo vya homa ya ini aina ya B, neno "chanya" halimaanishi ugonjwa kila mara, na "hasi" haimaanishi usalama kila mara. Maana yake hutegemea kilichopimwa.

HBsAg chanya huonesha kuwa virusi vimo mwilini. Ikidumu zaidi ya miezi sita, maambukizi huhesabiwa kuwa sugu. Anti-HBc huonesha maambukizi ya sasa au ya zamani, na haisababishwi na chanjo. Anti-HBs ni kingamwili inayomlinda mtu.

Hivyo, mwenye anti-HBs pekee kwa kawaida amepata kinga kwa chanjo, ilhali mwenye anti-HBs na anti-HBc bila HBsAg amepona maambukizi ya zamani. Vipimo vyote vitatu vikiwa hasi, mhusika hushauriwa kuchanjwa. Kwa kawaida mtu mzima hupewa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita tangu ya kwanza.

Kiwango cha anti-HBs cha 10 mIU/ml au zaidi, kikipimwa mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho, huthibitisha kinga. Kikishuka miaka ya baadaye, mtu mwenye afya njema aliyekamilisha dozi huendelea kukingwa, kwa kuwa mwili huhifadhi kumbukumbu ya virusi.

Chanjo haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Mwenye HBsAg chanya anapaswa kumwona daktari, na watu wa nyumbani kwake wapimwe na kuchanjwa.