Kitambaa chenye jina

(Muziki wa ufunguzi, unashuka taratibu)

MTANGAZAJI: Hata kama unachambua maharage, sogea karibu na redio. Historia ya leo inaanzia Gikondo, Kigali.

Tarehe 9 Aprili 1994, Watutsi waliokimbilia kanisa la mapadri Wapalotini pale Gikondo walivamiwa. Zaidi ya 100 waliuawa. Vitambulisho vyao vilikusanywa vikachomwa moto. Yaani kumuua mtu hakukutosha, hata jina lake lilitakiwa lipotee.

Januari 1995 wajane 50 walianzisha chama cha AVEGA Agahozo. Agahozo kwa Kinyarwanda ni faraja. Wanawake wengine walirudia kusuka vikapu vya agaseke, mjane akiketi mkeka mmoja na mke wa mfungwa. Haikuwa rahisi, msikilizaji, tusidanganyane. Huko Nyamata, nguo za waliouawa kanisani ziliwekwa juu ya mabenchi, wageni wazione.

Mbali na hapa, Marekani, waliofiwa kwa UKIMWI nao walishika nguo. Mwaka 1987 walitandaza Washington blanketi la viraka 1,920. Kila kiraka kilikuwa na urefu wa futi 6 na upana wa futi 3, karibu sawa na kaburi, na juu yake jina la marehemu.

Basi nakugeukia wewe uliyevuka mpaka na kitenge cha mama au shati la mtoto, na kaburi hulijui liliko. Wapo wanaosema nguo ya marehemu isiguswe. Asiyetaka, mwacheni, asisukumwe. Anayetaka, si lazima aikate yote: kipande cha upana wa kiganja kinatosha. Kunja kingo, ushone jina kwanza kabla ya kuunganisha na vya wenzako, maana kiraka kidogo hushikika vizuri mkononi. Blanketi kuukuu liwe bitana, mpige bandi isitembee. Kaeni watano au sita. Atakayelia, shikeni sindano yake mpaka atakapoiomba tena.

(Muziki)

Swali kwa vikundi vya wasikilizaji: je, kwenu waliofiwa hupelekewa nini siku za matanga? Na hapa kambini, mnapeleka nini?