Bomba likivuja: ushike spana mwenyewe au umwite fundi?

Sisi wa Pwani tunajua tabia za maji. Ya mfereji huja kwa zamu, mara nyingi usiku watu wamelala. Ya kisima yana chumvi. Ya mkokoteni hununuliwa mtungi kwa mtungi. Kwa hivyo bomba likivuja, hasara haiishi kwenye maji: ni pesa, ni usingizi, na wakati mwingine ni ujirani.

Wengi huamua kwa kuangalia mfuko. Asiye na pesa hujitengenezea, mwenye nazo hupiga simu. Mimi naona kuna kipimo bora zaidi, nacho ni swali moja: nikikosea, maji yatakwenda wapi? Yakiwa yatamwagika sakafuni, mbele ya macho yangu, na ninaweza kuyafunga, hiyo ni kazi yangu. Yakiwa yataingia ukutani, kwa jirani wa chini au kwenye umeme, hiyo ni kazi ya fundi. Na ikiwa maji machafu yanaweza kuingia katika maji ya kunywa, usijaribu kabisa.

Jua kwanza unakofungia maji

Kila mtu nyumbani, hata mtoto mkubwa, anafaa kujua koki mbili: ile ya karibu na mita, na ile inayotoka kwenye tangi. Mara nyingi watu hufunga ya mita pekee, kisha hushangaa maji yakiendelea kumwagika, kumbe yanashuka kutoka tangi la juu. Zifunge na kuzifungua koki hizo mara moja moja. Koki isiyoguswa miaka mingi hushikwa na kutu au chumvi, na siku ya dharura haizunguki. Ikikataa, usiilazimishe kwa spana kubwa. Inaweza kukatika, na hapo utakuwa na tatizo jingine.

Kazi unazoweza kufanya mwenyewe

Kubadilisha washa ya mfereji unaodondoka ni kazi ya nusu saa. Funga maji, fungua kichwa cha mfereji, toa washa iliyochakaa, na uende nayo dukani ili upewe ya kipimo kilekile. Kubadilisha mfereji mzima wa nje pia si kazi ngumu. Zungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi kwa kufuata upande wa kukazia, mizunguko kadhaa, kisha kaza bila kutumia nguvu za kuvunja.

Sinki likiziba, weka ndoo chini, fungua ile kona ya bomba iliyo chini yake na uisafishe. Mara nyingi utakuta mafuta yaliyoganda na punje za wali. Boya la tangi au la kitangi cha choo likishindwa kufunga maji, hilo nalo unaweza kulibadilisha.

Choo kikivuja kimyakimya, tia rangi kidogo ya biriani ndani ya kitangi, kisha usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, mpira wa chini haufungi. Na siku maji ya mfereji yanapotoka, funga mifereji yote pamoja na koki ya kuingilia tangi, halafu angalia mita. Ikiendelea kuzunguka, maji yanapotea njiani. Hapo utamwita fundi ukiwa tayari unajua tatizo liko wapi.

Kazi za kumwachia fundi

Ya kwanza ni kila kiungo kitakachozikwa ukutani au sakafuni. Mabomba ya PPR, yale yanayounganishwa kwa mashine ya moto, yanahitaji kipimo sahihi cha joto na muda. Kiungo kibaya kinaweza kushika leo na kuvuja baada ya miezi. Katika jumba ninaloishi, bafu la ghorofa ya juu liliwahi kutengenezwa kwa haraka na vigae vikapigwa juu yake siku hiyohiyo. Aliyegundua uvujaji alikuwa jirani wa chini, alipoona doa kwenye dari yake. Vigae vilibomolewa vyote, na majirani wale walikaa muda mrefu bila kusalimiana vizuri.

Ya pili ni shawa ya maji moto ya umeme na pampu ya kisima. Maji na umeme vikikutana, kosa dogo huua. Fundi wa mabomba aunganishe maji, na waya ziachiwe fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA.

Ya tatu ni karo na shimo la choo. Usiingie humo wala usimtume kijana aingie, hata kwa dakika moja. Hewa ya mle ndani humwangusha mtu kabla hajaita, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake.

Ya nne ni bomba la maji safi linalopita karibu na karo. Maji yetu yanapokatwa, bomba hubaki tupu na linaweza kuvuta uchafu ulio nje kupitia ufa mdogo. Maji yakirudi, uchafu huo huja nayo hadi kwenye gilasi. Njia hiyo ni rahisi kwa kipindupindu na homa ya matumbo, kwa hivyo kuuzungushia ufa huo mpira wa baiskeli hakutoshi.

Ya tano ni tangi juu ya nyumba. Lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000, bila kuhesabu tangi lenyewe. Kabla ya kulipandisha, aliyesomea ujenzi athibitishe kwamba dari linaweza kulibeba.

Mita na bomba lililo kabla yake ni mali ya kampuni ya maji. Hapo usiguse wewe, wala fundi wako asiguse.

Nyumba za mawe

Wenye nyumba za kale wana sababu zaidi ya kutahadhari. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji. Uvujaji mdogo husambaa mbali na bomba, na vichwa vya boriti vilivyo ndani ya ukuta huanza kuoza bila kuonekana. Ukiziba doa kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea na ukuta humomonyoka kwa ndani. Tafuta fundi anayejua chokaa. Na kwa kuwa Mji wa Kale wa Mombasa unahifadhiwa kisheria, na wa Lamu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, ulizia afisi ya uhifadhi kabla ya kutoboa ukuta.

Piga hesabu

Wanaosema "ni tone tu" waweke kikombe cha robo lita chini ya mfereji. Kikijaa kwa nusu saa, hiyo ni lita 12 kwa siku, na lita 360 kwa mwezi. Ni mitungi 18 ya lita 20. Zidisha kwa bei ya mtungi mtaani kwenu, kisha ulinganishe na bei ya washa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ndio unaolowa.

Kukubaliana na fundi

Fundi mzuri huuliza kabla ya kubomoa. Mwombe akuonyeshe kazi aliyoifanya mwaka uliopita, si ya jana, kwa sababu uvujaji huchukua muda kujitokeza. Cheti cha mtihani wa ufundi wa NITA ni dalili njema, ingawa wapo wazee waliojifunza kazini na mikono yao inaaminika.

Tenganisheni bei ya vifaa na ya ufundi, na mwende pamoja dukani. Kama maji yenu ni ya chumvi, epuka mabomba ya chuma, kwani yataliwa. Toa malipo ya mwanzo, na ubakishe sehemu. Muhimu kuliko yote, ukuta usipigwe lipu siku hiyo. Uachwe wazi usiku mzima huku mabomba yakiwa yamejaa maji, kisha ukaguliwe asubuhi. Piga picha ya njia ya mabomba kabla hayajafunikwa. Atakayekuja kutoboa ukuta huo miaka ijayo atakushukuru.

Na wewe mpangaji, washa na sinki lililoziba unaweza kushughulikia mwenyewe. Lakini jambo likifika ukutani, mtumie mwenye nyumba ujumbe wenye picha na tarehe kabla hujamwita mtu. Ukuta ni wake, na akijulishwa mapema hana sababu ya kukudai wewe doa la dari.