Tiara na Mahame Madogo

Tiara ni mchezo wa watoto, wala si wengi wajuao kwamba imepata kuitumikia elimu ya mambo ya kale. Hata hivyo, historia ya picha za angani yaonyesha kwamba vyombo hafifu vina kazi ambayo vyombo vya thamani haviiwezi vizuri.

Picha ya kwanza ya angani ilipigwa na Nadar, Mfaransa, katika mwaka 1858, naye alikuwa ndani ya puto. Mwaka 1888 Mfaransa mwenziwe, Arthur Batut, alifunga kamera kwenye tiara, na utambi uliokuwa ukiungua polepole ukaifyatua. Tangu hapo haikuwa lazima mtu apae ndipo picha ipatikane. Mawe ya kale ya Stonehenge, Uingereza, yalipopigwa picha mwaka 1906, lilitumika puto la jeshi, kitu asichoweza kukipata mchimbaji wa kawaida. Lakini Henry Wellcome, alipokuwa akichimba Jebel Moya nchini Sudan kati ya 1910 na 1914, alirusha tiara zenye umbo la sanduku, zikapiga picha za machimbo yake. Wellcome alikuwa tajiri wa dawa; lakini tiara yenyewe ni vijiti, kitambaa na kamba.

Baadaye zilikuja ndege. Mwaka 1924 O. G. S. Crawford na Alexander Keiller waliruka juu ya kusini ya Uingereza, na kazi za namna hiyo zikafundisha kwamba nafaka iliyoota juu ya handaki lililofukiwa hurefuka kwa unyevu, na iliyo juu ya ukuta hudumaa. Faida hiyo ni kubwa, ila ndege ina gharama, na mara nyingi hupita juu mno. Katika picha ya kipimo cha 1 kwa 50,000, ukuta wa mita 10 hauzidi milimita 0.2. Mji mkubwa utaonekana; hame la nyumba chache litapotea.

Siku hizi droni ndogo hupaa mita 30 tu, na picha zake zinazopandana huunganishwa na kompyuta zikawa ramani. Droni yataka kibali na betri. Tiara yataka upepo, na pwani ya Afrika ya Mashariki haikosi kaskazi wala kusi. Lakini hakuna kimoja kati ya hivyo kipenyacho majani: juu ya msitu wa Gedi, karibu na Malindi, kamera huona miti zaidi ya kuta. Kwa hiyo panga hutangulia kamera, na wazee wa mahali huulizwa kabla ya panga.

Hame dogo halina mlinzi. Mawe yake huchukuliwa kujengea, na bahari hula kaburi moja baada ya jingine. Picha haizuii hayo. Lakini picha yenye tarehe, alama ya kaskazini na vipimo vilivyowekwa chini hubaki kuwa shahidi, na bila shahidi huyo hata hasara yenyewe haitajulikana.