Beit al-Ajaib na Mgunda Mkali

Msomaji wa pwani akitajiwa Beit al-Ajaib huiona bahari ya Forodhani. Nyika ya Singida haimjii akilini. Lakini jumba lile lina deni huko bara. Kati ya Ugogo na Unyamwezi, katika Manyoni ya leo, lilitanda pori lililoitwa Mgunda Mkali, kwa ukame wake. Misafara ya Tabora na Bagamoyo ililivuka kwa kiu na hofu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi wa kulipwa, walibeba pembe za ndovu mabegani. Wengine waliipita njia hiyo wakiwa watumwa.

Pembe zile, pamoja na karafuu na ushuru wa forodha, ndizo zilizoineemesha Unguja. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alilifunga soko la watumwa mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza. Miaka kumi baadaye, 1883, akalisimamisha kasri hili la sherehe, mahali palipokuwa na kasri la Malkia Fatuma wa karne ya 17.

Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za majirani zake. Tofauti i katika nguzo za chuma zilizoletwa kwa meli, zikabeba roshani pana ghorofa juu ya ghorofa. Nyumba ya Mji Mkongwe huuficha uzuri wake uani. Hili liliutandaza mbele ya bahari, kila nahodha auone. Ndani mlikuwa na milango iliyochongwa aya za Kurani, na taa za umeme zilizowastaajabisha watu, jina likapatikana.

Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Waingereza iliivunja Beit al-Hukm jirani yake pamoja na mnara uliokuwa mbele. Mwaka uliofuata mnara mpya wa saa ukaunganishwa na jumba lenyewe. Likawa ofisi za wakoloni, likawa la chama baada ya Mapinduzi ya 1964, kisha makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, ikaua watu wawili.

Tunapolitengeneza, tusitengeneze kuta tu. Jina la Barghash limehifadhika. La mpagazi aliyefia Mgunda Mkali halikuandikwa popote. Apewe japo ukuta mmoja humo, maana naye ni miongoni mwa waliolijenga.