Masheikh wa Wastani na Kurasa za Magazeti: Kutoka Mombasa hadi Usukumani

Uislamu uliingia Usukumani katika karne ya 19 kwa njia ya misafara ya Unyanyembe (Tabora), na hoja zake zikabaki barazani. Pwani ndiko zilikoanza kupigwa chapa. Mwaka 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Sahifa mjini Mombasa, na 1932 Al-Islah. Hakuwa mpole wa kalamu: aliwakemea wamisionari, akawakemea na Waislamu wenzake. Lakini alikemea kwa dalili, na gazeti lilikuwa lake.

Mwaka 1953 Waahmadiya walipotoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, Sheikh Abdullah Saleh Farsy aliwajibu kwa maandishi, na tafsiri yake kamili ikatoka 1969. Ugomvi ulikuwa mkali, ila ulipiganwa kwa kalamu.

Tanzania Bara, mwaka 1968 serikali ilipiga marufuku EAMWS, jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na mahali pake likazaliwa Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, BAKWATA. Magazeti yakawa ya chama na serikali, na migogoro ya dini ikafunikwa. Amani ilipatikana, lakini tangu hapo sheikh wa msimamo wa wastani alionekana mtu wa ofisi.

Vyombo vya habari vilipofunguliwa miaka ya 1990, zama za mihadhara ya dini, gazeti la Kiislamu la An-Nuur likawasemea waliojiona wamedhulumiwa. Baada ya polisi kuwaua Waislamu Mwembechai, Dar es Salaam, Februari 1998, liliandika malalamiko ambayo magazeti mengine yaliyapita juu juu. Haki yake lipewe. BAKWATA ilijibu kwa matamko.

Machi 2012, huko Usukumani, Mkoa wa Simiyu ulimegwa kutoka Shinyanga, kwao Mufti wa Tanzania, Issa Shaaban Simba. Oktoba mwaka huo, makanisa yalichomwa Mbagala, Dar es Salaam. BAKWATA ilihimiza utulivu wakati ikituhumiwa na Sheikh Ponda Issa Ponda kuhusu kiwanja cha Waislamu huko Chang'ombe. Wengi wakausoma wito huo kwa shaka. Februari 2013 Mchungaji Mathayo Kachila aliuawa huko Buseresere, Geita, katika mzozo wa nani achinje wanyama wa kitoweo, Waislamu au Wakristo. Swali hilo liligusa Kanda ya Ziwa yote. Usukumani ng'ombe ni mali, Waislamu ni wachache, na uchinjaji wa buchani ulikuwa umeachwa mikononi mwao kwa mazoea ya muda mrefu, pasipo aliyeona haja ya kuutetea kwa maandishi. Ulipohojiwa, ilihitajika makala ndefu ya mwanachuoni. Magazeti yalichapa kauli za mawaziri na maaskofu, pamoja na sentensi mbili tatu za masheikh.

Mufti Simba alifariki Juni 2015, akarithiwa na Sheikh Abubakar Zubeir. Bariadi, mkoani Simiyu, leo sheikh hufika gazetini kwa nukuu ya Idi au ya kikao cha amani, ikihaririwa na mtu mwingine.