Bukubwa haukuliwe nusu: mambo ya nyuma ya mchezo moja wa Mufwankolo

Leo tuache kidogo masolo ya kutafuta kazi, tuongelee televisheni.

Juzi hapa Pweto nilikuta wadogo wangu wanatazama The Simpsons kwenye telefone. Nikawaeleza: ile katuni ya jamaa moja ilianza kuonyeshwa kama kipindi kamili Desemba 1989. Waandishi wanaandika kila neno, waigizaji wanasoma, halafu sehemu kubwa ya michoro inafanywa Korea Kusini. Miezi mingi kwa dakika 22 tu! Mdogo moja akauliza: «Yaya, na sisi hatukuwaka na kitu kama hiki?»

Tulikuwa nacho. Tena hakikuhitaji maneno yaliyoandikwa.

Wazazi wetu wa Lubumbashi wanamujua Mufwankolo. Kundi lake lilichezaka michezo kwenye radio na televisheni, kwa Kiswahili cha Katanga, kile cha nyumbani na cha soko: ndoa, pesa, ulevi, jirani mwenye maneno mengi. Watu walicheka sababu walijiona.

Mchezo wao unaojulikana zaidi na wasomi ulizaliwa juu ya firigisi. Ndiyo, firigisi ya kuku! Mwaka 1986 Johannes Fabian, mwanaantropolojia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, alirudi Lubumbashi. Mezani akapewa firigisi, kipande cha mkubwa, na akasikia msemo kwa Kifaransa: «Le pouvoir se mange entier». Maana yake, bukubwa unakuliwa muzima, haugawanywe. Akaanza kuuliza watu maana yake, akafika mpaka kwa kundi la Mufwankolo. Badala ya kumupa jibu, wakaamua kuutengenezea mchezo.

Walifanya namna gani? Walikaa, wakabishana juu ya maana ya msemo. Wakakata hadithi vipande vipande, wakagawa nafasi: huyu chifu, huyu notable, huyu mwanakijiji. Maneno yenyewe kila mtu aliyatafuta mdomoni mwake, na katika kila mazoezi yalibadilika. Mwisho wakaenda kuupiga picha katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi.

Mukumbuke wakati wenyewe. Inchi iliitwa Zaïre, jimbo letu Shaba, chama kilikuwa kimoja, MPR, na televisheni ilikuwa ya serikali. Kuuliza mbele ya watu bote kama bukubwa unagawanyika ao haugawanyike, haikuwa masolo ya kuchezea. Kwa kusoma kwangu, ndiyo maana chifu na kijiji vilifaa sana: kila mtu aliweza kucheka chifu, na kila mtu aliweza kufikiri mbali zaidi.

Mwaka 1990 Fabian akatoa kitabu, Power and Performance. Ndani aliweka maneno ya waigizaji, hata ya mazoezi, kwa Kiswahili chetu chenyewe, na tafsiri ya Kiingereza pembeni. Hakuyasahihisha yafanane na ya Zanzibar.

Hapo ndipo roho yangu iliuma. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu moja alituambia mbele ya auditoire kwamba Kiswahili chetu ni «takataka ya migodi». Tukacheka naye. Tangu siku ile nilikuwa naficha lugha ya mama yangu kila nikiingia ofisini. Kumbe lugha ile ile ilikuwa inasomwa Ulaya na Marekani, na waliotengeneza maneno yale walikuwa watu wa mitaa yetu, wanaokula bukari sawa sisi.

Basi ombi langu ni dogo. Bazee waliocheza na waliotazama michezo ile wanapungua. Ukifika nyumbani wikendi hii, washa telefone, bonyeza kurekodi, muulize baba ao nkambo: «Unakumbuka mchezo gani wa Mufwankolo?» Halafu andika jibu vile alivyolisema. Usisahihishe kitu.

Nani ataanza?